Kwenda au Kupelekwa: Wiki Moja Istanbul na Vijana Wawili

Jedwali langu la kwanza la safari lilikuwa na kurasa nne. Lilionyesha saa ya kuamka, saa ya kutoka, foleni ya kwanza, foleni ya pili, na hata dakika za kupumzika, na jioni moja nililiweka mezani kwa fahari ya mtu aliyekwisha kumaliza kazi. Binti yangu wa miaka 16 alilisoma kimya hadi mwisho, akalirudisha mbele yangu, kisha akauliza: "Mama, sisi tunaenda au tunapelekwa?" Mdogo wake wa miaka 13 hakuinua hata macho kutoka kwenye simu yake.

Nilikasirika, sikatai, kwa kuwa kurasa zile nne zilinigharimu usiku kadhaa. Hata hivyo, nilipozisoma tena peke yangu, niligundua kwamba nilikuwa nimewapangia likizo watoto niliokuwa nao miaka minane iliyopita, wale wa kufungwa viatu na kushikwa mkono wakati wa kuvuka barabara, ilhali watakaosafiri nami ni watu wawili, mmoja wao akiwa amekwisha kunipita kwa kimo, wenye mambo wanayoyapenda na wasiyoyapenda, na ambao wanaweza kununa siku nzima bila kutamka neno lolote la utovu wa adabu. Nililichana jedwali, tukaanza upya, na safari hii wote wanne tulikuwa na kura.

Kuchagua mji ndiko kulikochukua muda mrefu kuliko yote. Tulikubaliana masharti mawili tu: uwe mji ambao mtu anaweza kuuzunguka kwa miguu na kwa usafiri wa umma bila kukodi gari, na uwe na mambo ya kumtosha kila mmoja wetu pasipo kumburuta mwingine mchana kutwa. Baba yao alitaka historia. Binti alitaka mitaa, michoro ya ukutani na maduka ya vitu vilivyokwisha kutumika. Kitinda mimba wangu, ambaye ana mapenzi ya ajabu na treni, ndiye aliyetoa hoja iliyoshinda: aligundua kwamba Istanbul, nchini Uturuki, ina reli fupi ya chini ya ardhi iitwayo Tünel, yenye urefu wa mita 573, iliyofunguliwa mwaka 1875, na kwamba duniani kote ni London pekee iliyoitangulia, mwaka 1863. Alisimama akaieleza hoja hiyo kama wakili mbele ya hakimu, na tangu siku ile hatukujadili mji mwingine.

Baada ya hapo kila mmoja alikabidhiwa siku yake. Mwenye siku ndiye mwenye kuamua tuende wapi, ndiye wa kutafuta njia ya kufika, na ndiye wa kuhakikisha kwamba mahali penyewe hufunguliwa siku hiyo. Kanuni hii ya mwisho niliitunga mimi na kuirudia mara nyingi, jambo ambalo baadaye lilinitokea puani. Siku mbili tuliziacha tupu kwa makusudi. Tuliafikiana pia kwamba mambo ya kulipia kiingilio yasizidi mawili kwa siku moja, na kwamba hakuna atakayeamshwa kabla ya saa tatu asubuhi isipokuwa siku ya kuondoka. Sharti hili la usingizi lilimshangaza mume wangu, ambaye huamini kwamba msafiri anayelala anapoteza nauli. Nilimweleza kwamba katika umri wa balehe saa ya ndani ya mwili husogea mbele, usingizi huchelewa kuja na huchelewa kuondoka, na wataalamu wa usingizi hushauri kijana wa miaka 13 hadi 18 apate saa 8 hadi 10 za kulala kila usiku. Alinyamaza, ingawa sidhani kama aliridhika. Mwishowe yeye ndiye aliyefaidika kuliko sote, kwa sababu kila asubuhi alipata saa mbili za kutembea ufukweni akiwa na mimi tu, jambo ambalo hatukuwahi kulipata katika likizo yoyote tangu tuanze kuzaa.

Nyaraka zilikaribia kutuangusha. Katika nchi nyingi pasipoti za watoto hudumu miaka michache kuliko za watu wazima, na nchi nyingi hazimpokei mgeni ambaye pasipoti yake imebakiza muda mfupi. Ya mwanangu ilikuwa imebakiza majuma kadhaa tu, nami niliigundua siku ambayo nilikuwa karibu kulipia tiketi. Namshauri yeyote mwenye vijana azifungue pasipoti kabla hajafungua ramani. Kuhusu tiketi zenyewe hakuna nafuu: kwa mashirika ya ndege, mtoto aliyetimiza miaka 12 ni mtu mzima, na hoteli nyingi nazo humhesabu hivyo hivyo, kisha zikampa kitanda cha kukunjua ambacho kilitengenezwa kwa ajili ya miguu ya mtoto wa miaka sita. Kwa hiyo tulipangisha fleti ya vyumba viwili mtaa wa Karaköy. Sebule yake ilikuwa ndogo na bafu lilikuwa moja, jambo ambalo lilizua mabishano kila asubuhi, lakini kutoka mlangoni tuliweza kufika kwa miguu kwenye kituo cha tramu, kwenye mlango wa chini wa Tünel na kwenye gati la feri. Kama ningelazimika kuchagua tena kati ya bafu la pili na gati la feri, ningechagua gati.

Tuliwasili Jumamosi usiku, tumechoka, na sikumbuki mengi ya usiku ule isipokuwa kwamba soketi za umeme zilikuwa chache kuliko simu zetu.

Jumapili tuliiacha tupu, tukavuka Daraja la Galata kwa miguu katikati ya safu za wavuvi wanaotupa nyuzi zao majini kuanzia upande huu hadi ule, tukanunua kadi mbili za usafiri ziitwazo Istanbulkart. Kadi moja inaweza kugongeshwa langoni kwa zaidi ya abiria mmoja, hivyo mbili zilitutosha kabisa, na tulimkabidhi mwanangu mojawapo awe mtunzaji. Kuanzia saa ile alitembea mbele yetu. Mtu aliyeshika kadi hawezi kubaki nyuma akiburuta miguu, maana wenzake watakwama langoni wakimsubiri, na nadhani uamuzi ule mdogo ulitusaidia kuliko maneno yote niliyowahi kumwambia kuhusu uwajibikaji.

Jumatatu ilikuwa siku ya baba yao. Tuliingia Hagia Sophia, jengo lililokamilika mwaka 537 baada ya ujenzi wa takriban miaka mitano chini ya Mfalme Justinian, likawa kanisa kwa karne nyingi, msikiti mwaka 1453, makumbusho katika karne ya 20, na msikiti tena tangu Julai 2020. Siku hizi mtalii wa kigeni hupitia mlango wake na kutazama kutoka roshani za juu. Mume wangu alikuwa amejiandaa kuwasomesha watoto habari za kuba, na kwa dakika kumi nilimwona mwanangu akihesabu taa. Binti ndiye aliyetuokoa. Alikuwa amesoma mahali kwamba kwenye ukingo wa marumaru wa roshani ya kusini kuna maandishi yaliyochongwa na Mviking, yaani baharia shujaa wa kale kutoka Ulaya ya Kaskazini, zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, ambayo leo karibu yote yamefutika ila jina la Halfdan. Aliyatafuta, akayapata, akamwita mdogo wake. Walisimama pale muda mrefu, vichwa vimegusana, wakibishana iwapo Halfdan alikuwa askari aliyechoka au kijana aliyeletwa na baba yake. Baba yao aliusikia utani huo, akalikunja karatasi lake la maelezo na kulitia mfukoni.

Kutoka hapo tulishuka katika birika la chini ya ardhi liitwalo Yerebatan, lenye nguzo 336 zilizosimama majini katika mwanga hafifu, mbili kati yake zikiwa zimekalia vichwa vya mawe vya Medusa, yule mwanamke wa hadithi za Wagiriki mwenye nywele za nyoka, kimoja kimelazwa ubavu na kingine kimepinduliwa juu chini. Hapo hapakuhitaji maelezo ya mtu mzima. Mahali penye giza, baridi na kichwa kilichopinduliwa hujitetea penyewe mbele ya kijana.

Jumanne ilikuwa yangu. Nilikuwa nimechagua Kasri la Topkapı, makao ya masultani wa Uthmaniya kwa karibu karne nne, na nilikuwa nimeandaa mpangilio wa nyua zake nne, kwa maana tabia haifi kwa kuchana karatasi. Tulikuwa ndani ya tramu, tumebakiza vituo viwili, mwanangu aliponigeukia na kusema kwa sauti ya upole ambayo iliniuma kuliko kejeli: "Mama, Topkapı hufungwa Jumanne." Nilimwambia haiwezekani. Akanionyesha. Mimi niliyewahimiza wenzangu kwa majuma kadhaa wakague siku za kufunguliwa, niliyemkumbusha binti kwamba Soko Kuu hufungwa Jumapili, sikuwa nimekagua siku ya kasri langu mwenyewe. Hakuna aliyecheka mpaka tuliposhuka, na hapo walicheka wote watatu, tena kwa muda mrefu kuliko kosa lenyewe lilivyostahili.

Nilikuwa tayari kupendekeza makumbusho ya akiolojia yaliyo jirani, lakini binti aliniuliza kama ningempa siku yangu. Tulitembea hadi Eminönü, tukapanda feri ya kwenda Kadıköy, upande wa mji ulio bara la Asia, safari ya kama dakika ishirini. Tuliketi nje juu, upepo ukitupiga, shakwe wakitufuata nyuma, na minara ya misikiti ya mji wa kale ikipungua polepole. Nilikuwa nimesoma vitabu viwili vya mwongozo, na katika vyote nilikuwa nimeruka kurasa za Kadıköy kwa sababu hapana jengo la kale lenye jina kubwa. Binti hakuziruka. Alitupeleka mtaa wa Yeldeğirmeni, ambako kuta nzima za majengo ya ghorofa zimechorwa michoro mikubwa, kisha kwenye maduka ya sahani za santuri na nguo za mitumba, ambako mimi na baba yao tulijifunza kusubiri mlangoni bila kutazama saa. Yeye aliongea mchana ule kuliko alivyoongea nami katika mwezi mzima uliotangulia, na hakuongea nami ana kwa ana hata mara moja. Tuliongea tukiwa bega kwa bega, tukichambua makoti kwenye reli.

Jumatano tulisafiri tu, bila kwenda popote. Hivyo ndivyo ningeieleza siku ya mwanangu, kwani tulipanda Tünel na kushuka, tukapanda tena, kisha tukaingia Marmaray, treni inayopita chini ya mlango-bahari wa Bosphorus tangu Oktoba 2013, tukatoka Ulaya na kuibukia Asia kwa muda usiotosha kusimulia hadithi. Upande wa pili alitugeuza, tukarudi kwa treni ile ile. Mume wangu alilala vituo viwili.

Fedha zilitaka kutugombanisha siku ya Alhamisi, ndani ya Soko Kuu. Kila kijana alikuwa amepewa kiasi chake cha wiki nzima siku ya kwanza, kwa makubaliano kwamba hakitaongezwa. Katika soko lenye maelfu ya maduka na vichochoro vinavyofanana, mwanangu alinunua taa ya vioo vya rangi kwa bei ya kwanza aliyotajiwa, na alipofika nje hakuwa na kitu. Aliniangalia. Niliangalia pembeni. Ilinigharimu sana kutofungua mkoba, hasa kwa kuwa taa ilikuwa nzuri kweli. Usiku nilimsikia akijadiliana na dada yake kuhusu mkopo, na masharti ya dada yalikuwa makali kuliko ya benki yoyote ninayoijua.

Ijumaa, siku ya mwisho kamili, binti aliomba turudi Kadıköy, na jioni aliomba jambo jingine: wao wawili wabaki kwa saa mbili, kisha warudi wenyewe kwa feri hadi Karaköy, kwenye gati lile lile tulilolitumia wiki nzima. Tulizungumza kwa kirefu. Simu zote mbili zilikuwa zimejaa chaji, anwani ya fleti iliandikwa kwenye karatasi na kuwekwa mfukoni, walijua wasiachane kwa sababu yoyote, na walijua pa kusubiri iwapo simu zingezimika. Mwanangu alibaki na kadi yake.

Mimi na baba yao tulitangulia, tukakaa kwenye benchi mkabala na gati. Ujumbe uliingia kwamba wamefika kituoni. Feri ilikuja, abiria wakamiminika, nikawatafuta kimo kwa kimo hadi mhudumu alipofunga mnyororo, wala hawakuwamo. Mume wangu alisema tusipige simu. Baada ya dakika tano nikampigia, na binti akapokea akiwa mtulivu kabisa: viti vya nje vya juu vilikuwa vimejaa, kwa hiyo wameiacha ile wasubiri nyingine.

Waliwasili na iliyofuata. Niliwaona kabla haijatia nanga, wamesimama juu kabisa wakiwa wameligeuzia kisogo gati letu, kidole cha mwanangu kikimwonyesha dada yake kitu fulani upande wa mji wa kale. Waliposhuka, alitugongea kadi yake hewani kwa mzaha, kisha akauliza: "Kwani mlikuwa mmekaa hapa muda wote huu?"