Safu ya nyumba za Tyneham

Katika bonde moja la Dorset, kusini mwa Uingereza, karibu na ghuba ya Worbarrow, kuna kijiji cha Tyneham ambacho mtaa wake unaojulikana zaidi ni safu moja ya nyumba za mawe zilizobaki kuta tu. Safu hiyo huitwa Post Office Row, kwa kuwa posta ya kijiji ilikuwa humo, ukuta kwa ukuta na nyumba za mchunga kondoo na vibarua wa mashambani, hadi zile zilizokuwa chini ya kasisi, upande wa kanisani.

Mwezi Novemba 1943 serikali iliwaandikia wakazi kuwataka wawe wamehama ifikapo tarehe 19 Desemba, kwani jeshi lilihitaji bonde zima kwa mazoezi ya kulenga shabaha. Watu wapatao 225 wa kijijini na maeneo ya jirani wakafungasha vyombo vyao siku chache kabla ya Krismasi. Mlangoni mwa kanisa la Mtakatifu Maria iliachwa karatasi iliyowaomba askari walitunze kanisa pamoja na nyumba, ikieleza kwamba wenyeji wameyatoa makazi yao ili kusaidia ushindi wa vita na watu wabaki huru, na kwamba siku moja watarudi. Hawakurudi. Mwaka 1948 serikali iliitwaa ardhi hiyo kwa lazima, na walio wengi, waliokuwa wapangaji wa ukoo wa Bond wenye eneo hilo, hawakuwa na hati yoyote ya kudai nyumba walizozaliwa.

Wapo wasemao kwamba kijiji kingekufa tu, maana shule yake ilikuwa imefungwa tangu 1932 kwa uhaba wa watoto. Hoja hiyo siikubali hata kidogo. Kijiji kinachopungua bado kina wenyewe, na ni wao wenye haki ya kuamua wabaki au waondoke; kuwahamisha wakati wa vita naelewa, lakini kuwazuia wasirudi baada ya ushindi ilikuwa dhuluma.

Ukipita mtaani leo, mbele ya posta utaona kibanda cha simu cha zege, cha aina iliyowekwa hapo mwaka 1929, na nyuma yake kuta ambazo bado zina meko. Ndani ya magofu kumewekwa mabango yenye picha na majina ya familia zilizoishi humo, nami huyathamini kuliko kitu kingine chochote kijijini, kwa sababu yanamlazimu mgeni amjue mwenye nyumba kabla ya kuipiga picha nyumba yake. Shule imekarabatiwa. Madawati yamepangwa, na ukutani mna vigingi vya kutundikia makoti, kila kimoja na jina la mtoto wake.

Eneo bado ni la jeshi, na mazoezi yanapoendelea barabara hufungwa. Wageni huruhusiwa wikendi nyingi na baadhi ya sikukuu. Anayekwenda namshauri asikimbilie ufukweni kama wengi wafanyavyo, bali aanze na safu hii, nyumba baada ya nyumba, na asome kila jina.