Bahasha ya Mzee wa Kahawa

Jumamosi nimehama fremu. Mwenye nyumba kapandisha kodi, nami nikasogea mitaa miwili nyuma, kwenye fremu ndogo isiyo na baraza. Kuhama steshenari si kubeba mashine ya kopi tu. Kuna maboksi. Sidhani kama hapa Dodoma kuna steshenari isiyo na boksi la vitu vya watu: cheti cha kuzaliwa kilichosahaulika kwenye kioo cha mashine, picha za pasipoti, hati za mauziano ya viwanja. Kwenye langu nikakuta bahasha ya kaki yenye vyeti vitatu vya chanjo ya korona. Vimelipiwa, vimepigwa laminesheni, na tangu 2021 hakuna aliyevifuata.

Viwili sikuwakumbuka wenyewe. Cha tatu nilimjua mwenyewe kabla sijasoma jina.

Nianzie mbali kidogo. Machi 16, 2020 tulipotangaziwa mgonjwa wa kwanza nchini, kule Arusha, nilinunua ndoo yenye koki nikaiweka mlangoni, na sabuni ya kipande ambayo iliibwa mara tatu. Aprili tukafunga na kuomba siku tatu. Mei takwimu zikakoma kwenye wagonjwa 509, watu wakataniana kuhusu papai na mbuzi ambao Rais Magufuli alisema vipimo viliwakuta na korona, na mafundi cherehani wa Majengo waliokuwa wanashona barakoa za kitenge wakarudi kwenye sare za shule. Ndoo yangu niliihamishia nyumbani kuhifadhia maji. Ndivyo ugonjwa ulivyoisha, kwa maana ya kwamba tuliacha kuutaja.

Februari 2021 tukawa na kitu kingine kinachoitwa changamoto ya kupumua. Sijui nani alitunga jina hilo, lakini lilisambaa haraka. Tarehe 1 mwezi huo huo waziri wa afya alisimama mbele ya waandishi wa habari hapa hapa Dodoma akionyesha namna ya kujifukiza na kunywa juisi ya tangawizi, kitunguu na limao. Bei ya tangawizi sokoni ikapanda siku chache tu baadaye. Tarehe 17 akafariki Maalim Seif, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, na siku hiyo hiyo Katibu Mkuu Kiongozi, Balozi Kijazi, akafia hapa Dodoma. Wiki hiyo hiyo mjomba wangu alikuwa amelazwa kwenye hospitali ambayo sitaitaja.

Mjomba alikuwa dereva wa lori, kifua kama mlango. Mama alitoka Bahi na majani ya mwarobaini na mkaratusi kwenye salfeti, tukamfukiza mara mbili nyumbani kabla ya kumpeleka. Wodini mtungi wa oksijeni ulikuwa mmoja kwa wagonjwa wawili, wakipokezana. Sikuhitaji kuambiwa ni nini. Nesi aliyekuwa zamu alinivuta pembeni akaniambia, "Dada, msikae sana humu, mnanielewa?" Nilimwelewa. Karatasi ikaandikwa nimonia. Msibani tulikumbatiana, tukala wali sinia moja watu sita, na aliyevaa barakoa ni mmoja tu, akaulizwa anajifanya nani. Mimi mwenyewe nilikuwa na barakoa kwenye mkoba. Sikuitoa.

Hilo ndilo lililonipeleka kuchanja, na nasema hivi kwa sababu watu wakinisikia wanadhani nilisoma sana. Sikusoma. Niliona aibu ya ile barakoa.

Julai 28, 2021 Rais Samia alichanjwa mbele ya kamera, Ikulu ya Dar es Salaam. Dozi zaidi ya milioni moja za Johnson, yaani chanjo ya Johnson & Johnson ya sindano moja, zilikuwa zimeingia siku nne kabla, zimetoka Marekani. Kesho yake steshenari yangu ikageuka kituo cha uandikishaji. Walikuja na namba za NIDA, nikawajazia mtandaoni kwa mia tano, nikawatolea na fomu ya ridhaa. Ile fomu! Watu waliisoma kama hati ya kuuza kiwanja. Mama mmoja aliisoma mara mbili, akaniuliza, "Hapa wanaposema kwa hiari yangu, maana yake nikifa nimejiua?" Nikamwambia nimekodi mashine tu, mimi si daktari. Akaikunja akaenda nayo, sijui kama alichanja.

Niliyasikia yote pale kaunta. Mwanamume hatazaa. Sarafu itanasa begani. Ni alama ya yule mnyama wa kwenye Ufunuo. Mwaka wa pili hutauona. Mengine nilicheka. Lakini lile la damu kuganda sikulicheka, na mpaka leo naona tulikosewa. Lilikuwa na mzizi: Aprili ya mwaka huo Marekani waliisimamisha Johnson siku kama kumi kwa sababu ya damu kuganda kwa watu wachache sana, wengi wao wanawake wenye umri wa chini ya miaka hamsini, kisha wakairuhusu tena. Nilikuja kulijua hilo baadaye. Mimi ni mwanamke, na hamsini bado iko mbali. Ningeambiwa pale nilipochanjia kwa lugha nyepesi, "ipo hatari, ni ndogo, na hatari ya ugonjwa ni kubwa kuliko hii," ningechanja vilevile. Kunyamaziwa ndiko kulikowapa nguvu watu wa sarafu.

Na tusijifanye Wagogo na majirani zetu tulikuwa wageni wa sindano. Bibi yangu mzaa mama alikuwa na kovu la ndui mkononi, kubwa kama shilingi. Alisema walipangwa foleni chini ya mbuyu, bwana mmoja akawachanja, hakuna aliyeulizwa kitu. Kwake neno lilikuwa na maana yake kamili, kuchanja, kama unavyochanja chale. Ndui ilitangazwa kutokomezwa duniani 1980. Akina mama waliogoma Johnson ndio hao hao wanaowahi kliniki alfajiri na kadi ya mtoto kwa ajili ya surua. Niliwauliza wawili watatu. Jibu lao lilikuwa moja: zile tunazijua. Kujua kwenyewe ni kwamba hawajawahi kusikia serikali ikisema leo hazifai, miezi sita baadaye zinafaa. Hapo sikuwa na la kuwajibu.

Nilichanja Agosti, siku ya upepo, lile vumbi la Dodoma linaloingia mpaka kwenye meno. Nilimwambia kijana wangu wa dukani naenda kununua rimu. Nilijitanda mtandio, nikavaa barakoa, nikakaa kwenye benchi barazani kwa kituo cha afya kama mtu aliyekuja kuiba. Mbele yangu, watu wawili kabla, alikaa mzee wa kahawa.

Huyu mzee ni fundi radio mstaafu. Kijiwe chao kilikuwa hatua kumi kutoka fremu yangu ya zamani, na kwa wiki tatu mfululizo alikuwa akihubiri dhidi ya chanjo kwa sauti inayofika mpaka kwangu bila kutumia spika. Wazungu hawajaweza malaria, wataweza hii? Vikombe vinagongwa, watu wanaitikia. Sasa yuko hapa, koti la suti, kofia imeshushwa machoni. Tukaonana. Akaangalia dari. Na mimi nikaangalia dari, na haikuwa na kitu, ni mabati tu.

Sindano yenyewe ni dakika moja. Usiku nikapata homa na mkono ukawa mzito kama umebeba debe la maji, kesho kutwa nikawa mzima.

Wiki iliyofuata akaja dukani, wakati wa swala ya alasiri, kijiwe kikiwa kitupu. Akaniwekea kadi yake juu ya kaunta, ameifunika kwa kiganja. "Binti, nitolee kile cheti cha mtandaoni. Na mimi leo sijaja hapa."

"Shikamoo mzee. Sijakuona," nikamjibu.

Akalipa elfu mbili, akasema, "Nitakipitia jioni." Jioni kijiwe kilijaa. Kesho yake vilevile. Nami sikuweza kumpelekea, kwa sababu ingekuwa kumvua nguo mbele ya wenzake. Nikakitia kwenye bahasha. Baadaye sana, kwa kupiga hesabu ya waliopita kaunta kwangu, niligundua watano kati ya wale wazee tisa walikuwa wamechanja, kila mmoja akidhani ni yeye peke yake.

Wapo pia waliotaka cheti bila sindano, hasa 2022, wa Hija na wa safari za Dubai. "Nisaidie, dada, sindano jichome wewe." Nilikataa, ila nisijisifu. Ilikuwa lazima taarifa zako ziwe zimeingizwa na kituo, hata ningetaka nisingeweza.

Mama nilimficha. Nilipokwenda Bahi wiki mbili baadaye hakuuliza kitu. Aliniwekea ugali wa uwele na mlenda, akanitazama ninavyokula, akasema, "Umekonda mwanangu," basi. Mwaka uliofuata wahudumu walipita nyumba kwa nyumba kijijini, akawauliza kama wanayo ile ya mara moja, "ile aliyochoma binti yangu." Kumbe alijua! Wao walikuwa na Sinopharm, ya mara mbili. "Mara mbili ya nini, ya kwanza haifanyi kazi?" Akachoma ya kwanza. Walipomrudia kwa ya pili alikuwa shambani, anapanda mpunga, akatuma ujumbe kwamba aliyopata inatosha. Nilimpigia simu nikabishana naye nusu saa. Ninaendelea kubishana naye.

Sasa ile bahasha. Vile viwili nimevikatakata, vina namba za vitambulisho. Cha mzee nilishindwa kukikata. Jana jioni nikapita kijiweni, kahawa imeiva, wapo saba, wawili tumeshawazika. Nikawaamkia, nikamkabidhi bahasha nikamwambia, "Mzee, huu mzigo wako ulibaki kwangu, nahama."

Akachungulia ndani. Akakaa kimya kidogo, akaikunja mara mbili, plastiki ikagoma, akailazimisha mpaka ikaingia mfuko wa ndani wa koti.

"Nini hiyo?" akauliza wa pembeni yake.

"Bili ya maji," akasema, na akanilipia kikombe.