Ninavyoandaa Kesha la Pasaka parokiani: moto, mshumaa na swichi

Katika kamati nyingi za liturujia, muda wa kuandaa Kesha, yaani ibada ya usiku wa kuamkia Jumapili ya Pasaka, huliwa na kwaya. Mimi nimeuhamishia kwenye robo saa ya kwanza, kabla hata ya Mbiu ya Pasaka (wimbo mrefu wa kutangaza ufufuko), kwa sababu hapo ndipo mambo huharibika: moto unagoma, mshumaa unazimika mlangoni, mtu anawasha taa mapema.

Naanza na saa. Misale, kitabu cha taratibu na sala za Misa, inataka Kesha lianze usiku umeshaingia na liishe kabla ya mapambazuko ya Jumapili. Kigoma jua huzama karibu dakika 40 baada ya Dar es Salaam, kwa hiyo ratiba ya kunakili kutoka parokia ya pwani haifai kule. Saa 2 usiku ni salama nchi nzima. Saa 12 jioni, hata kama waumini wanalilia usafiri, si Kesha.

Kuni nataka kavu kabisa, nyembamba chini na nene juu, ndani ya nusu pipa lenye mchanga. Mafuta ya taa siyaruhusu: moto unalipuka karibu na watumikiaji waliovaa kanzu, na harufu yake inashinda ubani. Tunauwasha dakika 30 kabla, maana chetezo, chombo cha kufukizia ubani, huletwa kitupu na hujazwa makaa ya moto huohuo. Kuni zenye miali tu hazijatoa makaa. Pembeni pawe na koleo refu, ndoo ya mchanga na mtu mzima mmoja anayebaki hapo hata maandamano yakishaingia kanisani.

Mshumaa wa Pasaka, kwa maelekezo ya Roma ya mwaka 1988, uwe wa nta, mpya kila mwaka, na mmoja tu kanisani. Bomba la plastiki lenye mafuta ndani halitimizi hilo, hata likipendeza kiasi gani. Ukinunua mapema soma tarakimu za mwaka zilizobandikwa. Duka huuza kilichobaki. Matundu ya chembe tano za ubani nayatoboa Ijumaa Kuu kwa msumari uliopashwa moto, kwa kuwa padre akilazimisha chembe kwenye nta ngumu, mshumaa hupasuka. Kisha nakwangua nta juu mpaka utambi ujitokeze kama sentimita 1. Utambi uliofunikwa ndio huzimika kwa upepo wa mlangoni.

Katika maandamano ya kuingia na mshumaa, "Mwanga wa Kristo" huimbwa mara tatu. Baada ya ile ya kwanza, mlangoni, padre huwasha mshumaa wake. Ya pili, katikati ya kanisa, waumini wanawasha yao. Ya tatu, mbele ya altare, taa za kanisa zinawashwa, ila mishumaa ya altare hungoja wimbo wa Utukufu. Kwa waumini 600 napanga watumikiaji 8 wa kusambaza moto, kila mmoja na safu zake. Watu wafundishwe mapema: mshumaa unaowaka unabaki wima, anayepokea ndiye anayeinamisha wake. Wakifanya kinyume, nta inamwagikia mikono na nguo.

Kwenye swichi kuu anakaa mtu mmoja anayejulikana, na hagusi kitu mpaka jibu la tatu la waumini, "Tumshukuru Mungu", liishe. Taa za usalama za nje zinazojiwasha zenyewe zizimwe pia. Mwimba Mbiu apewe tochi ndogo, umeme usije ukakatika. Akiwa mlei, aruke "Bwana awe nanyi" na aya ya kujiombea inayotangulia. Sehemu hizo nazifunika kwa karatasi kabisa.

Masomo ya Agano la Kale ni saba. Yakipunguzwa yasiwe chini ya matatu, na la Kutoka sura ya 14 haliachwi kamwe. Nashauri yasomwe yote, na zaburi ziwe na viitikio vifupi.

Kwa ubatizo wa watu wazima, Krisma, mafuta matakatifu ya kupaka, iwe mezani pamoja na nguo nyeupe, kwa kuwa padre aliyewabatiza huwapa sakramenti ya Kipaimara palepale. Limau na mkate wa padre kupangusia mafuta vidoleni husahaulika kila mara.

Nta iliyodondoka msiiguse usiku. Ikiganda, asubuhi ikwanguliwe kwa kipande cha plastiki kabla ya Misa ya kwanza. Kwenye vitambaa weka karatasi juu na chini, kisha pitisha pasi ya uvuguvugu.