Kusuguliwa nongo Seoul, na swali langu kwa wanawake wa Mombasa

Tangu nirudi Mombasa kila nikitaja hamamu ya Korea naulizwa lile lile, mlikuwa uchi kweli? Ndio jamani, uchi. Wanawake peke yao, wanaume upande wao na mlango wao, lakini humo ndani hakuna leso wala nguo ya kuogelea, unapewa kitaulo kidogo ambacho hakifuniki chochote na bibi za watu wanapita zao hawakuangalii hata. Mimi nimelelewa Kibokoni kwa stara kwa hivo sitamwambia mtu ajilazimishe. Mwenzangu alikataa katakata, akabaki upande wa kuvaa nguo, nitaueleza chini.

Utaratibu wao ni mkali na niliupenda kwa hilo. Viatu unavifungia kwenye loka hapo mlangoni, nguo loka nyengine, ufunguo unavaa mkononi, halafu hutii hata kidole kwenye birika la kuogea kabla hujaoga kwa sabuni, umekaa kitako kwenye kistuli cha plastiki mbele ya kioo, nywele umezifunga juu. Kuna birika la vuguvugu, la moto wa digrii 40 na kitu, na la baridi, hilo sikwambii. Maji yanafurika yanamwagika sakafuni tu, na mimi natoka mtaa wa kununua maji kwa mkokoteni, wallahi roho iliniuma.

Lakini nilichotaka kuandika hasa ni kusuguliwa, ambako unalipia kando. Ukisharoweka mwili kama nusu saa unaitwa kwenye kitanda cha plastiki, mama wa makamo aliyevaa sidiria na chupi nyeusi (ndio sare yao) anakumwagia maji ya moto, anaingiza mkono kwenye kile kitambaa cha kukwaruza, mara nyingi huwa cha kijani, walianza kuvitengeneza Busan miaka ya 1960, halafu anaanza. Hana haraka na hana huruma. Kwapani, katikati ya vidole, nyuma ya masikio, visiginoni, akimaliza upande mmoja anakupiga kikofi pajani ujue geuka. Na nongo zinatoka! Za kijivu, zimejiviringa juu ya mkono wangu, na mimi naoga asubuhi na jioni kwa dodoki. Yeye wala hakushtuka, akamwagia maji zikaenda, akaushika mkono wangu akaubana ubavuni mwake ili asugue vizuri, na hapo machozi yakanitoka.

Kwa sababu mara ya mwisho kushikwa hivo na mwanamke mkubwa ilikuwa harusi yangu, somo wangu, yaani kungwi, ananisinga, ananisugua mwili kwa liwa na asumini na marashi, udi unafuka. Labda na ukizaa, ukandwe mpaka arobaini iishe. Baada ya hapo basi, mwili wako ni wa kazi tu hakuna atakaeushika kwa kuutunza. Kule pembeni yangu binti alikuwa anamsugua mamake mgongo, siku ya kawaida kabisa, hakuna anaeolewa.

Na msiniambie ni mambo ya kigeni. Unguja hapo Sultan Barghash alijenga Hamamni karne ya 19, hamamu ya watu, leo watalii wanaenda kuangalia kuta.

Huo upande wa nguo mwenzangu aliufurahia sana. Mnapewa tishati na kaptula, wanaume kwa wanawake na watoto wao, yeye akabaki na mtandio wake hakuna aliemsemesha, kuna vyumba vya moto vya chumvi, vya udongo, vya mkaa, na sakafu imepashwa moto kwa chini watu wanalala hapo mpaka asubuhi maana hapafungwi. Mayai ya kuokwa yamekuwa rangi ya chai, na sikhye baridi, kinywaji kitamu cha wali. Mtanambia joto Mombasa tunalo bure, sawa, lakini hatulitumii kupumzika.

Sasa swali langu, kwa nini singo tumemuwekea biharusi peke yake? Mamangu hajasingwa tangu aolewe. Nimeshaongea na mama mmoja anaesinga maharusi aje amsinge, bei ya harusi anayo ila ya mtu wa kawaida hana, tunapatana. Kama mnamjua mwengine anaekubali wajane na wazee nyumbani kwao niandikieni, nina mashangazi wanangojea.