Magongo ya Fundi

Gongo la hoki la kwanza nililolitengeneza peke yangu lilipasuka mikononi mwa mtoto wa darasa la tano, wenzake wote wakitazama. Nililiziba Jumatano usiku, na Jumamosi asubuhi gundi ilikuwa bado inanata kwa ndani. Ilikuwa Julai, na anayeijua baridi ya Nairobi ya Julai ataelewa. Fundi asingekosea hivyo.

Fundi alikuwa beki wetu wa kushoto. Pale City Park, uwanja wetu wa hoki Nairobi, wengi hawakulijua jina lake lingine. Siku za kazi alikuwa gereji akinyoosha bodi za magari, na huko ndiko alikojulia faiba. Magongo ya siku hizi ni faiba na kaboni, bei yake kali, na likiingia ufa mwenyewe hulitupa. Fundi aliyaokota. Mshirika wake alikuwa kipa wetu, mtu asiye na haya hata kidogo: mechi ikiisha alizunguka na gunia akiomba magongo mabovu, hata kwa timu iliyotoka kutufunga mabao matano. Jumamosi waliwapa watoto wa mtaani wacheze pembeni ya uwanja, na maandazi alinunua kipa.

Mimi niliingia katika shughuli hiyo kwa hasira. Tulikuwa tunaongoza moja bila, dakika za lala salama, mpira ukazuiwa na kiatu cha Fundi ndani ya di yetu, ile nusu duara ya mbele ya goli; na kwenye hoki, beki kuzuia mpira kwa mguu ni kosa. Refa alikuwa amezibwa na wachezaji, hakuona kitu. Fundi akainua mkono, akaonyesha mguu wake. Tukapigiwa kona fupi, wakasawazisha. Nilimtolea maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Akanijibu, “Si mpira umenigusa, bwana? Ulitaka nifanyeje?” Kisha akaniomba nimshikie gunia. Nikalibeba hadi gereji, nimenuna njia nzima.

Ndipo nikaona kazi yenyewe. Unapiga msasa mpaka ufa wote uonekane, maana unaouona kwanza huwa nusu tu. Unakata vipande vya kitambaa cha faiba, unachanganya gundi na hadina, dawa ya kuigandisha, unazungusha ukikaza ili hewa isibaki ndani. Tatizo ni unene. Sheria inataka gongo lipite kwenye pete ya milimita 51, na letu likishavishwa tabaka tatu halipiti. Kwa hiyo ya mechi hayakuwa tena. Yalikuwa ya watoto.

Ya mbao ndiyo yalikuwa raha, kwa sababu unakata kwa msumeno kulingana na kimo cha mtoto. Hayo tuliletewa na mzee mmoja wa Kisikh aliyekuwa akikaa jukwaani kila wikendi. Ukimpa nafasi atakurudisha Barcelona, 1971, Kombe la Dunia la kwanza la hoki, Kenya ya nne chini ya kepteni Avtar Singh Sohal, na India wakitufunga mbili kwa moja kwenye muda wa nyongeza. Hakuwa ameisamehe mechi ile.

Fundi alifariki miaka michache baadaye, ugonjwa wa ghafla. Kipa akahamia Kisumu. Gunia likabaki kwangu, na gongo lile la Julai likanifundisha kwamba kubeba gunia si kujua kazi.

Suluhisho la baridi lilitoka kwa jirani anayefuga kuku. Ana sanduku la vifaranga lenye balbu inayowaka usiku kucha. Nilimwomba niegemeze gongo pembeni, nje ya wavu, karibu na joto. Alicheka, lakini akakubali. Siku mbili, gundi ngumu kama jiwe. Tangu hapo sijapasukiwa na jingine, ingawa magongo yangu yananuka kuku. Kipa bado hunitumia mabovu kwa basi kutoka Kisumu, na kwenye kifurushi huandika “vyuma”, sijui kwa nini.

Sasa nina mtoto mmoja mashoto anayeniuliza kila wiki kama nimempatia gongo la kushoto. Halipo; hoki ina gongo la upande mmoja tu. Fundi naye alikuwa mashoto. Alikuwa akisema mkono wa kushoto ndio unaokaa juu na kugeuza gongo, wa kulia unasindikiza tu, kwa hiyo wenye shida ni nyinyi wengine. Nimemweleza mtoto hivyo mara mbili. Bado ananiangalia kama mtu anayetaka kumuuzia kitu kibovu.