Siku Moja Maishani Mwangu: Dakika Mbili za Kila Mshindi

Saa 11 alfajiri

Adhana ilinikuta mezani, taa ikiwaka na chai ikipoa. Mimi ni katibu wa kamati ya tuzo za mwaka katika chama cha wafanyabiashara hapa Tanga. Kwa miezi kumi na moja kazi yangu ni mafaili, barua na risiti za michango, lakini siku moja ya mwaka hugeuka kuwa mbio. Siku yenyewe ilikuwa hii: wageni 180, washindi 9, mgeni rasmi mmoja, na chakula cha jioni katika ukumbi ulioko Raskazone.

Nilikuwa namalizia wasifu wa washindi, yaani maelezo mafupi ambayo mshereheshaji huyasoma kabla mshindi hajakabidhiwa ngao. Kila wasifu hauzidi maneno 200, na kwa sauti yake ya taratibu hayo ni dakika mbili. Nimebishana na kamati miaka kadhaa juu ya dakika hizo. Msimamo wangu ni kwamba ngao hutundikwa ukutani ikashika vumbi, na pilau huliwa ikaisha, lakini mtu anaposimama mbele ya watu wa mji wake wakasikia amefanya nini, lini na kwa ajili ya nani, hapo ndipo anapotuzwa. Kwa sababu hiyo siandiki kwamba fulani "amekuwa mstari wa mbele katika kuleta maendeleo". Maneno hayo yanamfaa kila mtu, hata yule ambaye hajafanya lolote.

Saa 2 asubuhi

Nilifika Ngamiani kwa fundi anayetuchongea ngao. Zilikuwa zimepangwa juu ya gazeti, tisa, za mbao ya mninga, kila moja ikiwa na bamba dogo la shaba lenye jina la mshindi. Nilizisoma moja moja kwa ncha ya kidole, herufi kwa herufi, nikilinganisha na nakala za vitambulisho vya taifa. Kwenye ngao ya saba, herufi "h" ilikuwa imeanguka katikati ya jina la baba.

"Dada, nani ataiona?" fundi aliniuliza, bila ubaya.

"Ataiona mwenyewe, kila siku atakapopita sebuleni kwake."

Alicheka, kisha akafungua skrubu nne, akaligeuza bamba, akalisugua upande wa nyuma kwa msasa laini mpaka likang'aa, na akachonga upya. Kosa likabaki limeelekea mbao, mahali ambapo halisomeki na yeyote isipokuwa mchwa.

Mwenye ngao hiyo ni mama anayepika maandazi na mikate ya kumimina, mshindi wetu katika kundi la wafanyabiashara wadogo. Alikaribia kukosa tuzo kwa sababu kanuni zetu zilidai hesabu zilizokaguliwa, kana kwamba kila mwenye karai la mafuta anaweza kumlipa mkaguzi. Mama huyu alikuwa miongoni mwa waliolipia shilingi 20,000 kupata kile kitambulisho cha mjasiriamali kilichoanza kutolewa Desemba 2018, na leo ana leseni, namba ya mlipakodi na wanawake sita anaowalipa kila Jumamosi. Tulipomuomba hesabu alituletea madaftari 14, yamefungwa kwa kipande cha khanga, ndani yake kila kilo ya unga imeandikwa kwa kalamu ya risasi. Mweka hazina wetu aliyapitia mchana kutwa, akatoka na neno moja tu: yanajumlika. Kanuni ikabadilishwa kikao kilichofuata.

Saa 4 asubuhi

Ukumbini, kazi ya kupanga viti ni kazi ya kupanga heshima. Meza kuu ina sheria zake zinazojulikana, na maofisa wa itifaki huja kuzikagua mapema. Ugomvi huwa kwenye meza zinazofuata. Mdhamini mmoja, ambaye mchango wake tunaushukuru kwa dhati, alikuwa ametuma kijana wake kuhamisha kadi za washindi hadi karibu na mlango wa jikoni ili wageni wa kampuni yake wakae mbele. Nilizirudisha kadi zote. Kati ya washindi yumo mzee fundi baiskeli ambaye magoti yake hayamtii tena, na sikuona sababu ya kumtembeza ukumbi mzima huku watu wakipiga makofi mpaka mikono ikachoka.

Wapambaji walitaka maua ya plastiki. Safari hii niliwashinda, tukaweka vikapu na kamba za mkonge katikati ya kila meza. Mji huu ulijengwa kwa zao hilo: Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, alileta miche yake mwaka 1893, na inasemwa kuwa ni 62 tu kati ya 1,000 iliyofika hai. Ingekuwa aibu kuwatuza watu wa Tanga juu ya waridi la dukani.

Saa 8 mchana

Nilikuwa nimeshika kipande cha mhogo mkononi simu ilipoita. Alikuwa mke wa mshindi wetu wa uongozi wa jamii, mvuvi wa Sahare.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nakwambia mapema usije ukaaibika. Mzee hatakuja. Usiku wa leo ni giza."

Niliduwaa. Wavuvi wa dagaa huingia baharini usiku usio na mwezi, kwa sababu taa zao huwavuta dagaa pale tu ambapo mbalamwezi haishindani nazo, na wakati wa mwezi mpevu hupumzika na kushona nyavu. Kamati ilichagua tarehe kwa kuangalia nafasi ya ukumbi na ratiba ya mgeni rasmi. Tulikuwa watu kumi na mmoja kikaoni, wote wazaliwa wa pwani, na hakuna aliyeutazama mwezi. Nahodha hawezi kuwaacha mabaharia wake wakose usiku wa riziki ili yeye akale kuku kwa uma.

Nilimwomba mama aje kuipokea ngao kwa niaba yake. Alinyamaza kidogo, akauliza kama atalazimika kusema kwenye kipaza sauti. Nikamwambia hapana.

Saa 10 alasiri

Ratiba. Mdhamini yuleyule aliomba dakika 15 za kuzungumza, nilimpa nne. Mwenyekiti wangu, mzee mwenye busara na hofu kwa kiwango sawa, alipendekeza tufupishe wasifu ili kufidia. Nilimjibu kwa heshima zote kwamba dakika 18 za washindi tisa hazikatwi, na kwamba kama ni lazima kukata, tuanze na hotuba ya katibu. Hotuba yangu ikafutwa, na sikuikumbuka tena.

Saa 12 jioni

Wageni walianza kuingia, kanzu na suti, vitenge vilivyoshonwa jana. Umeme ulikatika saa 12:20, jenereta likanguruma saa 12:24. Sina zaidi la kusema kuhusu saa hiyo.

Saa 2 usiku

Wimbo wa taifa, dua ya sheikh, sala ya mchungaji, kisha hotuba. Tanzania tuna maneno mawili ya kuokoa muda, "itifaki imezingatiwa", ambayo kila msemaji aliyatamka vizuri kabla ya kuwataja wote waliokuwa meza kuu, mmoja mmoja, kwa vyeo. Mdhamini alitumia dakika tisa. Chakula kikaliwa: pilau, samaki wa kupaka, kachumbari iliyokolea pilipili.

Saa 3:15 usiku

Mzee fundi baiskeli alikuwa wa tatu. Wasifu wake ulihesabu vijana 31 waliojifunza kazi chini ya mwembe wake, orodha ambayo alituandikisha kwa kumbukumbu, akimtambua kila kijana kwa baiskeli ya kwanza aliyoiharibu. Mshereheshaji alipofikia hapo, wanaume watatu kwenye meza za nyuma, mmoja wao sasa ana duka kubwa la vipuri, walisimama bila kuambiwa. Mzee aliwatazama, akanyoosha kidole, na sauti yake ikaingia kwenye kipaza sauti: "Huyo ndiye aliyenivunjia ekseli."

Mama wa maandazi alipoipokea ngao yake hakumtazama mpiga picha. Aliinamisha kichwa, akausoma mstari wa jina, midomo ikitembea, kisha ndipo akacheka.

Kisha likaitwa jina la mvuvi. Wasifu wake ndio ulionipa tabu kuliko yote, kwa sababu jambo alilolifanya linapimwa kwa kitu ambacho hakisikiki tena. Kwa miaka mingi pwani yetu ilizoea mishindo ya baruti ya wavuvi haramu asubuhi. Mlipuko mmoja huua samaki mkubwa na mdogo, na huvunja matumbawe yanayohitaji miongo kukua tena. Na hata baada ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga kutangazwa mwaka 2009, mishindo ilikuwa bado inasikika. Yeye ni mwenyekiti wa kikundi cha wavuvi cha kulinda bahari, vile tunavyoviita BMU, vinavyotambuliwa na Sheria ya Uvuvi ya 2003. Alichokifanya ni kusimama mwaloni kila asubuhi na kupasua samaki mmoja wa kila tenga. Samaki wa baruti hujitaja mwenyewe: uti wa mgongo umekatika, nyama imelegea, damu imevilia ndani. Tenga la namna hiyo halikuuzwa mbele yake, na wa kwanza kurudishwa alikuwa mpwa wake. Nililiandika hilo la mpwa baada ya kumwomba ruhusa, naye alisema liandikwe, kwa kuwa mwaloni kila mtu analijua.

Ukumbi ulitulia. Mkewe alipanda jukwaani kwa khanga mpya, akaipokea ngao kwa mikono miwili, akashuka bila neno, kama tulivyoahidiana.

Saa 5:40 usiku

Kundi la taarabu lilikuwa limekwisha kufunga vyombo, na mimi nilikuwa nahesabu vitambaa vya viti, vitatu havionekani. Mama alikuwa bado amekaa karibu na mlango akisubiri bajaji, ngao mapajani. Aliniita.

"Mwanangu, na ile karatasi?"

"Karatasi ipi, mama?"

"Ile aliyosoma yule kijana. Mzee anarudi alfajiri, yeye hajaisikia."

Nilikuwa nayo ileile ya mshereheshaji, ina doa la chai na marekebisho yangu ya kalamu nyekundu. Nilitaka kumwambia nitachapa nyingine safi kesho, lakini mkono wake ulikuwa umekwisha kunyooka. Akaipokea, akaikunja mara nne, akaifunga kwenye pindo la khanga pamoja na nauli.