Siku moja maishani mwangu: kebo ya breki ya mkono iliyoganda

Saa moja asubuhi. Gari la leo ni Volkswagen T2 ya mwaka 1973, lile basi dogo lenye kitanda na jiko ndani yake. Mwenyewe aliliegesha miezi kadhaa ya mvua huku breki ya mkono ikiwa imevutwa, na alipoliondoa aliliona zito kana kwamba linakokota mzigo. Niliendesha mwendo mfupi, kisha nikasogeza kiganja karibu na magurudumu ya nyuma. La kulia lilikuwa baridi. La kushoto lilitoa joto, ingawa mpini wa breki ulikuwa umerudishwa kabisa.

Saa mbili. Niliweka kabari kwenye magurudumu ya mbele, nikainua nyuma kwa jeki na kuliegemeza gari juu ya stendi mbili. Breki ya mkono ya gari hili hushika magurudumu ya nyuma tu, kwa hiyo yakishaning'inia hakuna kinachozuia gari lisiviringike ila kabari hizo.

Saa tatu. Nililegeza kirekebishi cha viatu vya breki, vile vipande vilivyopinda vinavyobana kutoka ndani, kwa bisibisi, nikafungua skrubu mbili za dramu ya kushoto, yaani chungu cha chuma kinachozunguka pamoja na gurudumu, na kuigonga kidogo kidogo pembeni hadi ikaachia. Vumbi lililokuwa ndani sikulipuliza. Viatu vya breki vya zama hizo mara nyingi vilitengenezwa kwa asbesto, madini ambayo vumbi lake hudhuru mapafu, kwa hiyo nilivaa barakoa, nikalilowesha vumbi kwa kisafisha breki na kulifuta kwa kitambaa cha kutupa.

Saa nne hadi saa sita na nusu. Hapa ndipo siku ilipoliwa. Nilipochomoa ncha ya kebo kutoka kwenye wenzo uliomo ndani ya dramu, nilitarajia wenzo urudi wenyewe, lakini ulibaki palepale hadi nilipousukuma kwa kidole gumba. Kumbe kosa halikuwa moja: kebo ilikuwa imeganda, na pini ambayo wenzo huzungukia nayo ilikuwa imeshikwa na kutu. Ningebadilisha kebo peke yake, gari lingerudi kwangu na malalamiko yaleyale.

Kebo yenyewe ilijieleza. Mpira unaoziba mwisho wa ala, yaani ganda la nje ambalo waya huteleza ndani yake, ulikuwa umepasuka, maji yakaingia na kutuama penye mkunjo wa chini, na kutu ikavimba kati ya nyuzi za waya na ala hadi waya ukakosa nafasi ya kuteleza. Wako wanaomimina oili na kuuvuta waya huku na huku hadi ulegee. Nami nimewahi kufanya hivyo, ila baada ya muda mfupi waya uliganda tena. Chini ya sakafu, ambako kebo mbili hukutana kwenye kipande kinachogawanya mvuto, nilipaka oili ya kulegeza kutu, nikashika ncha ya kebo kwa plaisi ili isijisokote, ndipo nikafungua nati.

Saa nane mchana. Pini niliisugua kwa msasa na kuipaka grisi isiyoyeyuka kwa joto, kiasi kidogo tu, kwa sababu ikigusa viatu haitakuwa breki tena. Nilifunga kebo mpya pande zote mbili, kwani ya zamani iliyokwisha kurefuka ikiwekwa pamoja na mpya huvuta kwa nguvu tofauti.

Saa tisa. Watu wengi hukosea hatua hii kwa kuanza na nati za kebo. Nilirekebisha viatu kwanza hadi vikagusa dramu, nikarudisha kidogo ili gurudumu lizunguke huru, nikakanyaga pedali mara kadhaa vikae sawa, kisha nikakaza kebo. Mpini ulipovutwa meno mawili, magurudumu yalizunguka kwa shida. Ulipofika meno manne, yalifunga yote mawili. Nilipouachia, yalizunguka bila kukwaruza.

Saa kumi na nusu. Kwenye mteremko gari lilisimama bila gia, na baada ya safari fupi dramu zote mbili zilikuwa na joto linalolingana. Mwenyewe aliniuliza aliegesheje msimu ujao wa mvua. Nilimjibu aliache mahali tambarare, kwenye gia, magurudumu yakiwa na kabari na mpini ukiwa umeachiwa.